Radi Ilishaka Kunijua

Juzi fundi umeme alikuja kutengeneza kisanduku cha umeme nyumbani kwangu. Akagusanisha nyaya mbili kwa bahati mbaya, cheche ikaruka, na sebule nzima ikajaa harufu ile: shaba iliyoungua, vumbi la moto, na kitu kingine kikavu na kikali kinachokwaruza pua. Fundi akacheka, akaniomba msamaha. Mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni, mikono nimeibana kwapani, bila kujua nimefikaje pale.

"Mama, hapana kuogopa," akaniambia. "Ilishaka kuisha."

Nikamjibu kwamba najua imeshaisha. Nikarudi kuketi, na huku yeye akiendelea na koleo lake, mimi nilikuwa mbali, katika ua wa shule ya Kampemba, mwaka niliokuwa darasa la nane.

Sisi tuliokulia upande ule tunazijua mvua zetu. Zinatanguliwa na joto linalofanya mabati yalie yenyewe mchana, na vumbi jekundu linaloingia mpaka ndani ya chumvi. Halafu siku moja upepo unageuka, mbingu inakuwa rangi ya sufuria kuukuu, na watu wa mtaa wetu wote wa Bel-Air wanakimbilia kamba za nguo. Mvua yenyewe tuliipenda. Tulichoogopa ni kile kilichokuja nayo, radi, ambayo mama zetu waliiita nkuba kwa sauti ya chini, kama mtu anayeweza kusikia akitajwa. Kila mwanzo wa mvua redio ilikuwa na habari yake: huku imepiga watu mpira ukichezwa, kule imempiga mama shambani. Nasi watoto tulipewa masharti. Funika kioo. Vua nguo nyekundu. Usikae mlangoni. Hakuna aliyetueleza sababu ya hata moja, na kwa kuwa hatukuelezwa, tuliyashika yote kwa nguvu ileile.

Rafiki yangu alikuwa Bijou. Tulikaa benchi moja tangu shule ya msingi, yeye mrefu, mimi mfupi, yeye msemaji, mimi wa kumcheka. Asubuhi ile tulikuwa tumetoka kwa mapumziko na tulisimama kwenye uzio wa waya, karibu na mkaratusi mkubwa uliokuwa pembeni ya ua. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka, makubwa, ya vuguvugu. Tulitakiwa kuingia darasani lakini Bijou alikuwa anamalizia hadithi ya shangazi yake aliyegombana na bata mzinga, na hadithi za Bijou hazikukatizwa. Alikuwa ameushika uzio kwa mkono mmoja. Mimi niliinama kufunga kamba ya kiatu.

Sikusikia mlio. Watu hawaamini nikisema hivyo, lakini sikuusikia. Niliona weupe, weupe uliokuwa na uzito, ukinisukuma chini. Nilipofungua macho nilikuwa nimelala ubavu, mdomo umejaa mchanga, na harufu ile ilikuwa kila mahali. Mkaratusi ulikuwa umepasuka toka juu mpaka chini, na ubao wake wa ndani ulikuwa mweupe kama mfupa. Bijou alikuwa amelala mbali kidogo na uzio. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimemtoka. Niliita jina lake, na sauti yangu mwenyewe ilinifikia kutoka mbali, kama ya mtu aliye nyuma ya ukuta.

Hakufa. Naliweka hili hapa mapema kwa sababu mimi mwenyewe siku ile nilikaa saa nyingi bila kulijua. Walimu walimbeba, mmoja akimkandamiza kifua, wakampakia kwenye gari la mzazi mmoja, wakaenda. Mimi nilichunguzwa macho na masikio, nikaonekana mzima, nikapelekwa nyumbani.

Uani kwetu palikuwa pamejaa majirani. Mama alinikumbatia hata nikakosa pumzi. Baba, aliyekuwa fundi cherehani, mtu wa Maniema asiyependa kelele, aliacha nguo ya mteja imening'inia kwenye mashine akaja kunishika kichwa na kusoma dua. Na katikati ya kilio na shukrani zile, Mama Chantal, jirani yetu aliyekuwa akikaanga mikate kwenye kona ya barabara, alinitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akasema:

"Huyu mutoto, radi ilishaka kumujua."

Wanawake wengine wakaitikia: "Kabisa!"

Hayo tu. Kisha mazungumzo yakaendelea, mtu akaomba maji, mtu akauliza habari za Bijou. Lakini mimi maneno yale yaliniingia na kukaa. Ilishaka kumujua. Kama mtu anayejua nyumba yako, anajua unatoka saa ngapi na unapitia njia gani. Nilifikiri kwa akili yangu ya darasa la nane, na kila kitu kikajipanga vizuri, kwa namna ya kutisha. Radi ilikuja kunitafuta mimi. Nilipoinama, ikamkosa iliyemtaka, ikampata aliyekuwa karibu. Sasa inanijua. Itarudi. Na itakaporudi, itampata tena yule aliye karibu nami.

Tangu siku hiyo sikumgusa mtu.

Sikumwambia yeyote. Nilianza kuibana mikono kwapani, nikasema nasikia baridi. Mdogo wangu, mtoto wa miaka miwili aliyezoea kulala amenishika sikio, nilimhamishia kwa mama, nikasema ananipiga mateke. Nilivuta mkeka wangu mpaka pembeni, chini ya meza. Mezani kwenyewe, wakati wa kula bukari, ugali wetu, nilisubiri wenzangu watoe mikono kwenye sinia ndipo niingize wangu. Mama aliliona hilo. Mama gani asingeliona? Siku moja alinyoosha mkono kunisuka nywele, nikaruka kama niliyeunguzwa.

"Nilikufanya nini, mama?" akaniuliza. Kwetu mama humwita binti yake mama, na siku ile neno lile lilinichoma. Niliona uso wake unajikunja. Nikanyamaza, kwa sababu nilimpenda sana, na kunyamaza ndiyo njia pekee niliyoijua ya kumlinda.

Bijou alikuwa hospitali, mkono umeungua na sikio la kushoto limekufa. Mama yangu alienda kumwona, akarudi na ujumbe: "Mwenzako anakuuliza. Kila siku anakuuliza." Nilisema tumbo linauma. Safari ya pili nilisema nina kazi ya hesabu. Safari ya tatu mama hakuniambia kama anakwenda. Alifunga kitenge chake akatoka.

Shuleni nako mambo yalikuwa yameharibika. Likipita wingu tu mbele ya jua, wasichana wa mstari wa mbele walianza kulia, mmoja akianguka, wengine watatu walimfuata, na darasa zima likamwagika nje, mahali palepale ambapo hatukutakiwa kuwa. Wavulana walijifanya kucheka, kisha nao wakaacha kuja siku zenye mawingu. Walimu walituambia tusiogope. Walisema kwa ukali, na mmoja alisema kwa kiboko. Mkuu wa shule, ambaye sote tulimwita prefe, alileta mchungaji na akaleta imamu, na wote wawili walituombea vizuri. Lakini alasiri ile kukanguruma, na tukaanguka vilevile.

Ndipo akaja Madame Masika.

Alikuwa mwanafunzi wa saikolojia aliyetumwa shuleni kwetu kufanya mazoezi ya kazi, msichana tu kwa macho yangu ya leo, mwembamba, mwenye viatu vilivyochafuka kwa tope letu jekundu ambalo bado hakujua kulikwepa. Alitokea Goma, na Kiswahili chake kiliimba tofauti na chetu, basi kwanza tulimcheka. Aliacha tucheke mpaka tuchoke. Kisha akasukuma meza ya mwalimu pembeni, akaketi kwenye benchi kama sisi.

"Mimi sikuje kuwaambia muache kuogopa," alisema. "Nataka kila mutu aniambie woga wake unaikalaka wapi. Mu mwili. Wapi?"

Tulitazamana. Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Mwishowe Trésor, mvulana mkubwa aliyerudia darasa, akasema kwa kunung'unika: "Mu magoti." Darasa likacheka, lakini Madame Masika aliitikia kana kwamba ametajiwa mji anaoujua. Mwingine akasema tumbo. Mwingine akasema ulimi, unakuwa mkavu kama karatasi. Wakasema wengi. Nilipofikiwa mimi nikajibu, "Hakuna." Mikono yangu ilikuwa kwapani.

Akatueleza juu ya mlima wa kwao. Alizaliwa chini ya volkano, alisema, na usiku anga la kwao ni jekundu. Alikuwa mdogo kuliko sisi siku alipokimbia na familia yake, godoro kichwani, joto la moto likiwafuata mgongoni. Walipoteza nyumba. Wakarudi, wakajenga tena palepale, juu ya mawe meusi.

"Juu ya nini mulirudia?" Trésor akauliza, kwa hasira kabisa, akitaka kujua sababu.

"Juu ni kwetu. Hauwezi kuhamisha mulima. Lakini unaweza kujua njia ya kupita, na nani utamushika mukono, na nani atabeba mutoto. Ukijua ile, unaweza kulala."

Pale pale kukanguruma mbali, kama gari likishusha mawe. Darasa likashika pumzi. Na Madame Masika mwenyewe, mbele yetu sote, akashtuka, akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Kwao ni mlima. Hizi radi zetu hakuwa amezizoea.

"Mumeona?" akasema baadaye, sauti bado haijatulia. "Wangu unaikalaka mu mikono. Sasa munisaidie. Tupumue."

Tukapumua pamoja naye. Ndani polepole, nje polepole zaidi, miguu imekanyaga sakafu, tukiitaja kwa sauti: sakafu, benchi, ukuta, dirisha. Akatufundisha kuhesabu tangu mwanga mpaka mlio, ili tujue radi iko umbali gani na kama inakuja au inaondoka. Siku zile zote tulikuwa tunaisikia tu, hatujawahi kuipima. Siku ile hakuna aliyeanguka.

Siku zilizofuata tulipanga mambo yetu. Tulichora ua wa shule, tukaweka alama nyekundu kwenye miti, kwenye uzio wa waya na kwenye bomba, mahali pa kutokaribia. Tukakubaliana nani anafunga madirisha, nani anawaita wadogo wa darasa la saba. Na kila mmoja achague mwenzi wa mvua, mtu wa kuketi naye mpaka iishe. Darasa likaanza kuvutana mikono na kuitana. Mimi nikahamia benchi la nyuma, peke yangu.

Madame Masika alinisubiri kengele ilipolia. Hakunigusa. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akaniachia nafasi pana kando yake.

"Hautaki mwenzi?"

"Hapana, Madame."

"Juu ya nini?"

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu nilikuwa nimemwona akiogopa. "Sipende bantu bakufe juu yangu," nikasema, na baada ya hapo sikuweza kuzuia. Nilimwambia juu ya kamba ya kiatu, juu ya mtoto na mkeka, juu ya nywele ambazo hazikusukwa. Nililia mpaka kola ikalowa. Hakusema kwamba ni ujinga. Aliniuliza swali moja tu.

"Nani alikuambia radi inakujua?"

"Mama Chantal."

"Na ulimuuliza maana yake?"

Sikuwa nimemuuliza. Haikunijia hata siku moja kwamba maneno ya mtu mzima yanaweza kuulizwa.

Tulienda wote wawili, kwa miguu, mimi nikitembea upande wa pili wa barabara. Mama Chantal alikuwa mbele ya mafuta yake yanayochemka, kijiti mkononi. Madame Masika akamsalimu vizuri, akamweleza kwa ufupi. Kwanza mama yule hakuelewa. Kisha akaelewa, na kijiti kikamwangukia majivuni.

"Miye? Miye njo nilisema vile?" Akanigeukia. "Mutoto wangu! Nilisema ilishaka kukujua, ni kusema ilikuangalia, ikaona hauko wake, ikapita! Kwetu kule Kasenga, mutu radi ilimuacha, bantu banamufurahia. Banapendaka kuikala karibu naye! Ni heri! Nilikuwa nakusifu, mama!"

Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko. Mikate ikaungua, wala hakuiangalia. Madame Masika akainama kidogo ili macho yetu yawe sawa.

"Sikia. Hata ile heri, mimi siijui. Kitu minajua ni hiki: radi haina majina. Haikutafuta wewe, na haikuacha wewe. Ilitafuta njia ya kushuka, ikashuka mu muti, ikapita mu waya. Bijou alikuwa ameshika waya. Wewe ulikuwa haujashika. Ni ile tu."

Ni ile tu. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na sijui kama kuna maneno matatu yaliyowahi kunipunguzia mzigo kiasi kile. Mama Chantal akafuta mikono kwenye kitenge na kuinyoosha. Nilisita. Kisha nikaingia. Alinuka mafuta na moshi na unga, nami nilikuwa sijakumbatiwa na mtu tangu ile siku ya mkaratusi. Jioni ile, kabla jua halijazama, niliketi katikati ya magoti ya mama yangu na kumpa kichwa changu. Alisuka bila kuuliza. Aliposikia habari yote kutoka kwa Madame Masika, alikuwa ameenda kwanza nyuma ya nyumba, akakaa huko kidogo, akarudi na kitana.

Kumwona Bijou kulikuwa kugumu zaidi. Alikuwa ameshatoka hospitali, amelala kwao, mkono umefungwa bandeji. Niliposimama mlangoni alinipa kisogo.

"Kumbe uko muzima," akauambia ukuta. "Nilizania na weye ulikufa, banafichaka tu."

"Bijou."

"Siku zote zile! Mi nilisema, hapana, anachukia sikio yangu. Anapatia haya kutembea na kiziwi."

Nilimweleza. Nilimweleza yote, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa upande wa sikio lililokufa, na lile zima alikuwa amelilalia, hakusikia hata neno. Nikalazimika kuzunguka kitanda na kuanza upya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani," akasema polepole, "ulikuwa unanikimbia juu nisikufe?"

"Ndiyo."

"Weye ni mujinga."

"Najua."

"Mujinga kabisa kabisa." Akanyoosha ule mkono usioungua, akanishika kidole kimoja, kama mtu anayejaribu maji kama ni ya moto. Hakuna kilichotokea. Akanishika mkono wote. Nje watoto walikuwa wanapigana juu ya mpira wa makaratasi, mtu alikuwa anatwanga sombe, majani ya mhogo. Tulikaa hivyo. Baada ya muda akauliza kama namkumbuka bata mzinga wa shangazi, kwa sababu hadithi ile hakuimaliza.

Bijou alirudi shuleni wakati mvua zilikuwa kwenye ukali wake. Aliingia darasani, akapita mabenchi yote ya mbele, akaja kuketi nyuma, upande ambao sikio lake zima lilinielekea. "Huyu njo mwenzi wangu," akamwambia Madame Masika, bila kuniuliza.

Dhoruba kubwa ilikuja wiki hiyohiyo. Mchana uligeuka giza mpaka mwalimu wa jiografia akashindwa kusoma kitabu chake. Trésor aliinuka bila kuambiwa, akafunga madirisha moja baada ya jingine. Wawili walikimbia kuwaita wa darasa la saba, nao wakaingia, wadogo, macho makubwa, wakabanwa katikati ya mabenchi yetu, mbali na kuta. Mwanga ukapasua chumba. Mtu akapiga kelele fupi. Kisha sauti ya msichana, ikitetemeka, ikaanza kuhesabu, na nyingine zikaingia, na tukawa darasa zima linalohesabu. Mlio ukaja, mabati yakalia, vumbi la dari likatuangukia vichwani. Wengine walilia, na waliolia walishikwa. Hakuna aliyekimbilia nje.

Bijou hakuweza kujua mlio unatoka wapi. Kwa sikio moja dunia yote inatoka upande mmoja. "Iko karibu?" aliniuliza, na nikamhesabia kwa kumbonyeza kiganja, bonyezo moja baada ya jingine, tangu mwanga mpaka mlio. Mara ya kwanza nilibonyeza mara chache tu, na kucha zake zikaniingia. Kwenye mwanga uliofuata nilibonyeza mara nyingi zaidi, maana radi ilikuwa inaondoka. Kisha zaidi. Nikahisi bega lake linashuka, na langu likashuka nalo, na mvua ikakaa juu ya mabati, nene, ya sauti moja, kama inavyokaa inapokuwa imeshasema yake yote.

Hicho ndicho cha mwisho ninachokumbuka. Siku nyingi chini ya ile meza nilikuwa silali, nasikiliza tu, na sasa usingizi ulinijia kama mtu anayevutwa kwa kamba. Sikuuona mwisho wa ile mvua. Waliniambia kwamba mwalimu alitaka kuniamsha, na Bijou akamwekea mkono uliofungwa bandeji mbele yake, akamwambia hapana. Kengele ya kwenda nyumbani ililia, wenzetu wakatoka wakirukia madimbwi, jua likarudi likaanza kukausha mabenchi ya uani, na yeye alikuwa bado ameketi pale, bega limekufa ganzi, ananisubiri.

Nilipofungua macho, darasa lilikuwa tupu na kimya.

"Ilishaka kuisha?" nikauliza.

"Zamani," akasema Bijou. "Inuka, mi minasikia njaa."